Nusukaputi, Ganzi na Sikio

Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na utawala wa Kijerumani ukafuata hadi mwaka 1916. Miongoni mwa maneno machache ambayo Kiswahili kilirithi kwa Wajerumani limo nusukaputi. Nusu ni ya Kiarabu. Kaputi ni ya Kijerumani, yaani kilichoharibika au kufa. Mgonjwa wa Kyela au Matema aambiwapo kuwa atatiwa nusukaputi, basi, ameambiwa kuwa atakufa nusu. Si ajabu akiomba kurudi nyumbani.

Ganzi ni jambo jingine. Kweli, twasema mguu umekufa ganzi, lakini hufa kiungo, si mtu. Tangu Carl Koller alipolitia jicho ganzi kwa kokaini mwaka 1884, mgonjwa ameweza kupasuliwa akiwa macho. Mwaka 1952 Samuel Rosen wa New York alikuwa akishughulikia kifupa kilichoganda katika sikio la mgonjwa aliye macho. Mgonjwa akamwambia papo hapo kuwa anasikia.

Kifaa cha kupeleka umeme kwenye mshipa wa fahamu wa sikio kilijaribiwa Paris na Djourno na Eyriès mwaka 1957. Muhimbili ilianza kuwawekea watoto vifaa vya aina hiyo Juni 2017. Watoto hulazwa usingizi. Lakini katika nchi nyingine wazee ambao moyo au mapafu yao hayauhimili usingizi huo huwekewa kwa ganzi, na hapo ndipo mtafsiri apaswapo kuwa mwangalifu. Mgonjwa huyu ni kiziwi, yu macho, na midomo ya daktari imefunikwa kwa barakoa. Ishara zipatanwe mapema. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi: hutalala, utahisi mtetemo wa keekee mfupani, huenda ukashikwa na kizunguzungu. Ikiandikwa tu “utapewa dawa”, atakachokidhania ni kaputi.

Limebaki jina la kazi yenyewe. Magazeti huandika “kupandikiza vifaa vya usikivu”. Mkulima wa mpunga ajua kuwa kupandikiza ni kung’oa mche kitaluni na kuupanda pengine. Hivyo figo, ambayo Muhimbili ilianza kuipandikiza mwaka huohuo wa 2017, hupandikizwa barabara. Kifaa hakikung’olewa kwa mtu. Na msikivu, katika matumizi ya kawaida, ni mtoto mtiifu. Mimi ningependelea kupachika kifaa cha kusikia.