Nani Alitengeneza Ushahidi?

Ukiuliza nani alianzisha Ushahidi, utapewa majina manne: Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Jibu ni sahihi. Kinachonisumbua ni vile tuzo zilivyolifanya liwe jibu lote.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi inaungua, na habari ni za kuokoteza. Siku nne baadaye, Okolloh, wakili aliyekuwa na blogu ya siasa, akauliza wasomaji wake: kuna fundi wa kompyuta anayeweza kuweka matukio haya kwenye ramani ya Google? Kobia alikuwa Alabama, Marekani. Alikuwa akiendesha Mashada, ukumbi wa gumzo wa Wakenya mtandaoni, na mwezi huohuo aliufunga kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamezidi. Kufikiria tu: huku unafunga mlango, huku unajenga mwingine. Siku chache tu, ramani ikawa hewani, na watu wakaanza kutuma walichokiona mtaani kwao.

Mwaka huohuo walishinda dola 25,000 katika shindano la NetSquared, Marekani. Msimbo wakauachilia uwe programu huria: chukua, badilisha, tumia, hulipi kitu. Ndiyo maana Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi kule Boston hawakuanza na karatasi tupu. Waliichukua kazi ya Nairobi na kuipachika Port-au-Prince. Wahaiti wakatuma SMS kwa namba 4636. Lakini ziliandikwa kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi hawakuielewa. Wahaiti wa ughaibuni wakakaa mbele ya kompyuta zao, usiku kwa mchana, wakitafsiri bure: mtu amefukiwa hapa, maji yamekwisha pale.

Mwaka uo huo jarida la MIT, Technology Review, lilimtaja Kobia kuwa mfadhili wa binadamu wa mwaka. Mwaka 2013 wakfu wa MacArthur nao ukalituza shirika. Walistahili, sibishi. Na si Ushahidi pekee. Mwaka 2012 Linus Torvalds alipewa tuzo ya Milenia ya Ufini, pamoja na daktari Shinya Yamanaka, kwa ajili ya Linux, programu iliyoandikwa na maelfu ya watu. Tuzo hutaka mtu wa kupanda jukwaani, basi.

Cha kuchekesha ni kwamba Torvalds huyohuyo ndiye aliyeandika Git mwaka 2005, daftari la waandishi wa programu. Kila badiliko lina jina la aliyelifanya na tarehe yake, hata kama amerekebisha koma moja. Mimi niliyeacha chuo kabla ya digrii nalipenda sana daftari hilo, kwa sababu halina pa kujaza vyeti.

Lakini nalo lina upofu wake. Linahesabu msimbo tu. Aliyetuma ripoti mwaka 2008 huku nje kuna mapanga hayumo. Yule Mhaiti aliyeacha usingizi atafsiri kilio cha jirani wa zamani hayumo kwenye tuzo, na kwenye Git pia hayumo.