Kampuni Kubwa Ikidai Jina la Tovuti Yako: Jua Haki Zako

Uko Saboti, umenunua jina la .com la hustle yako, ghafla kampuni fulani inalidai. Usishtuke, msee. Kwa kanuni za ICANN za 1999, lazima ithibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Una siku 20 kujibu, ukinyamaza, umejichoma.

Na wasuluhishi wakikuonea? Kimbia kortini ndani ya siku 10 za kazi, kabla jina halijahamishwa. Mwaka 2000 waliamua barcelona.com ipewe baraza la jiji; mwenyewe akaenda korti Marekani, akashinda rufaa 2003.

Majina ya .ke yako chini ya KeNIC. Brand yako? Isajili KIPI mapema.