Hamamu za Unguja: Historia, Ujenzi na Hukumu Zake



Mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe, umepata jina lake kwa hamamu, yaani nyumba ya kuogea watu wote. Wengi tunapita hapo bila kujua funzo lililomo.

Historia

Mnamo 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Hiyo ilikuwa ya nyumba ya kifalme. Mwanawe, Sayyid Barghash (1870–1888), alijenga ya Hamamni kwa ajili ya watu wa mji, kwa mkono wa fundi kutoka Shiraz. Ni yeye pia aliyeleta mjini maji ya mabomba kutoka Chemchem, upande wa Bububu. Hamamu hiyo ilifungwa kiasi cha 1920, na jengo lipo hadi leo.

Ujenzi

Kuta nene za mawe na chokaa hukawia kupata joto na hukawia kupoa. Matundu madogo ya juu huingiza mwanga bila ya kuingiza macho ya watu. Moto mmoja huwatosha waogaji wengi, hivyo kuni hazipotei. Hata bara kwenye baridi, kama Nyololo huko Mufindi, ambako kila nyumba huchemsha maji yake, hesabu hii ina maana.

Hukumu

1. Sitara: Mtume amekataza kuingia hamamu bila ya shuka. Kutazama uchi wa mwenzio ni haramu, hata mkiwa jinsia moja.

2. Wanawake: Wanazuoni wametilia mkazo zaidi kwao, na wengi wameruhusu penye haja kama ugonjwa au nifasi, kwa sharti la sitara.

3. Swala: Hamamu si mahali pa kuswalia. Kwa Mashafii ni makuruhu, lakini swala inasihi pakiwa tohara.

4. Israfu: Imethibiti kwamba Mtume akitawadha kwa mudi moja, ujazo wa viganja viwili, na akikoga kwa pishi, yaani mudi nne, hadi mudi tano.

Nasaha

Maji matamu ya visiwa vyetu ni mvua iliyozama ardhini. Tukiyavuta kupita kiasi, ya chumvi hupanda visimani, na anayeumia kwanza ni jirani asiyekuwa na tangi. Basi anayejenga au kukarabati nyumba, ya kuishi au ya wageni, azingatie matatu: dirisha la choo lisielekee kwa jirani, mvua ya paani ikingwe, na mfereji usiachwe wazi mtu akijisugua. Kujaza bwawa la anasa hali mtaa mzima unapanga ndoo hakumstahiki Muislamu.

Wa-Allaahu A'lam.