Nani Aliyeibeba Shule Yetu?



Likitajwa neno "maendeleo", wengi wetu huwaza barabara, umeme na majengo. Katika tafakari hii tuitazame njia nyingine ambayo mataifa maskini yameitumia kupigana na umaskini, nayo ni kumwondolea mzazi mzigo wa kulipia shule ya msingi. Nchi yetu iliishika njia hiyo mwezi Septemba 2019. Lakini historia yake ni ndefu kuliko tangazo la mwaka ule, na asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini mtoto wa Mabanga hukaa leo katika darasa lililojaa kupita kiasi.

Tarehe 26 Mei 1906, Vatikani na Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II walitia sahihi mapatano: wamisionari wapewe ardhi, nao waanzishe shule. Tangu hapo shule na misioni zilikwenda pamoja. Chini ya Wabelgiji elimu ilienea chini, ikabanwa juu. Watoto wengi walijifunza kusoma, kuhesabu na kazi za mikono, lakini chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 50. Ndiyo maana viongozi wa kwanza waliitazama shule kama mlango wa kutokea katika unyonge, na wazazi wakaamini hivyo pamoja nao.

Mwishoni mwa mwaka 1974, utawala wa Rais Mobutu uliamua kuzitwaa shule za makanisa. Wakati huohuo bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia, na madeni ya Zaire yakaongezeka. Serikali iliona kwamba haiwezi kuziendesha shule zote peke yake. Tarehe 26 Februari 1977 yalifanyika mapatano mapya: makanisa yarudishiwe usimamizi wa shule, na Serikali ibaki na wajibu wa kulipa walimu na kuweka mpango wa masomo. Shule zetu tunazoziita konvansione zilitokana na karatasi ile.

Karatasi ilikuwa nzuri, lakini mfuko ulikuwa ukitoboka. Katika miaka ya 1980, masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yaliibana bajeti ya Serikali, na elimu ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupunguzwa. Mshahara wa mwalimu ulipungua thamani mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma, shule zikafungwa, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1993 na 1994 ukayeyusha hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Hapo wazazi walisimama. Kwa kukubaliana na viongozi wa Kanisa waliosimamia shule, walianza kuchanga pesa za kumwongezea mwalimu riziki ili arudi darasani. Mchango ule uliitwa primu. Ulikuwa tendo la mshikamano lenye heshima kubwa: watu maskini waliizuia shule ya taifa isife. Ulitazamiwa kuwa wa muda mfupi, mpaka Serikali isimame tena. Ulidumu zaidi ya robo ya karne.

Tuangalie jinsi ulivyofanya kazi. Kila mwezi mzazi alilipa minervali shuleni. Sehemu kubwa iligawanywa kati ya walimu. Sehemu nyingine ilipanda juu: kwa mkurugenzi, kwa ofisi za uratibu wa shule, zikiwemo za Kanisa, na kwa ofisi za elimu za wilaya na za mkoa. Hivyo msaada wa dharura uligeuka kuwa chakula cha kila ofisi. Kadiri watu wengi walivyoishi kwa pesa ya mzazi, ndivyo walivyopungua wenye hamu ya kuiondoa. Katika hilo Kanisa nalo lina swali la kujiuliza.

Aliyelipa gharama ya kweli alikuwa mtoto. Mwisho wa mwezi, majina ya wasiolipa yalisomwa, nao wakarudishwa nyumbani hata wakati wa mitihani. Nyumba yenye watoto watano na pesa ya watoto wawili ililazimika kuchagua, na mara nyingi msichana ndiye aliyeachwa. Katika mji kama wetu, ambamo vita vya mfululizo na lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 vilizinyang'anya familia mali zao, mwezi mmoja bila kipato ulitosha kumtoa mtoto darasani. Kwa njia hiyo umaskini ulijizaa upya: mzazi asiyesoma, mtoto asiyesoma.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Miaka 13 ikapita kabla neno hilo halijatekelezwa nchi nzima chini ya Rais Félix Tshisekedi. Watoto waliokuwa nje waliingia kwa mamilioni. Ni jambo la kushukuru, na anayelidharau hajawahi kuona mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa.

Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mwepesi mzigo usio wako. Aliyetangaza elimu ya bure hakuwa amesimama mbele ya watoto zaidi ya 100 katika darasa moja. Walimu wengi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya mishahara ya Serikali walikuwa wakiishi kwa primu. Ilipoondolewa, walibaki mikono mitupu. Mwaka 2021 mahakama mjini Kinshasa iliwafunga maofisa wakuu wa elimu kwa wizi wa pesa zilizokusudiwa mishahara. Mwezi Oktoba mwaka huohuo walimu wa shule katoliki waligoma, na wanafunzi wa Kinshasa waliingia katika jengo la Bunge kudai walimu wao. Watoto wale walikuwa wamelielewa jambo lote: shule isiyolipiwa, lakini isiyo na mwalimu, haijawa shule.

Majirani zetu walipita njia hiyo kabla yetu. Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na azimio la Musoma la mwaka 1974, ililenga kumwingiza kila mtoto shuleni. Karibu ifanikiwe, lakini uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, ada zilirudi na watoto wakapungua. Ziliondolewa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uganda ilipofungua milango mwaka 1997, wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Kenya iliongeza zaidi ya milioni 1 mwaka 2003. Kote huko ushuhuda ni mmoja. Kuondoa ada huleta watoto upesi. Kuwapata walimu, madawati na vitabu huchukua miaka mingi, na hudai Serikali inayotoa pesa bila kuchoka.

Kutokana na historia hii naona fundisho moja. Mzigo hauondoki kwa kutangazwa, huhamishwa. Mwaka 1977 uliwekwa juu ya Serikali kwa maandishi. Katika miaka ya 1990 ulihamia kwa mzazi. Mwaka 2019 ulitolewa kwa mzazi, na kwa sehemu kubwa ukaangukia mabega ya mwalimu na ya mtoto aliyebanwa darasani. Katika mji wetu, tangu mabenki yafungwe mwezi Januari 2025, mshahara unaopitia benki umekuwa mgumu kumfikia mwalimu, na jaribu la kumrudishia mzazi mzigo wote li karibu. Kwa hiyo, kila mpango wa kufuta umaskini, uwe wa Serikali, wa shirika la msaada au wa parokia, tuupime kwa swali hili: mzigo huu sasa unabebwa na nani, na je, anaweza?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatuambia kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi anayoiweza, wala asimtupie kazi inayomshinda. Wazazi wa miaka ya 1990 walifanya walichoweza. Deni lililobaki ni la mkubwa, nasi tuna haki ya kulidai kwa amani.

Nanyi vijana mna sehemu yenu. Mko wengi mlioifikia sekondari kwa sababu mama aliuza makala au unga ili alipe primu. Kikundi chenu kinaweza kukaa na watoto wa darasa la pili saa mbili kila Jumamosi na kuwasikiliza wakisoma, kwa maana katika darasa la watoto 100 mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Mnaweza pia kuwaomba wazazi wenu wahudhurie mkutano wa kamati ya shule na kutaka hesabu isomwe mbele ya wote.

Katika mkutano wenu wa wiki hii, jadilini: Katika mtaa wetu, ni watoto gani ambao bado hawajaingia shuleni, ingawa minervali ilifutwa? Ni kitu gani kinachowazuia? Na ni nani kati yetu atakayekwenda kuwauliza?