Taya la Mgonjwa wa Kisukari: Tiba ya Fizi Isipimwe kwa Sukari Peke Yake

Harald Löe, mtafiti wa Norway aliyeongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa meno nchini Marekani, aliandika mwaka 1993 kwamba ugonjwa wa fizi ni tatizo la sita litokanalo na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda vinavyochelewa kupona. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwa Wapima wa Arizona, jamii iliyoelemewa na kisukari cha aina ya pili. Tangu hapo mjadala umeegemea swali moja: je, kutibu fizi kunashusha sukari? Swali hilo ni halali, ila limelifunika jingine ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia. Ugonjwa wa fizi ukikomaa huwa ni ugonjwa wa mfupa, na mfupa huo una haki ya kutibiwa kwa ajili yake wenyewe.

Ufizi wenye afya hulikumbatia jino, na kina cha mfuko ulio kati yao hakizidi milimita 3. Ukoga usiposafishwa hugeuka ugaga, mfuko hurefuka, na bakteria kama Porphyromonas gingivalis hujificha ndani yake. Mwili hupigana nao, na mapigano hayo ndiyo yanayobomoa taya. Seli za kinga humwaga kemikali zinazoongeza protini iitwayo RANKL, ambayo huamsha osteoklasti, yaani seli zinazomeng'enya mfupa. Osteoprotegerini, ambayo kazi yake ni kuizuia RANKL, huzidiwa nguvu. Kisukari huongeza madhara kwa njia mbili. Kwanza, glukosi iliyozidi hushikamana na protini za mwili, na mchanganyiko huo huzichochea seli za kinga kupitia kipokezi kiitwacho RAGE, hivyo uvimbe hauishi. Pili, osteoblasti, seli zinazojenga mfupa, hufa mapema au hufanya kazi kwa unyonge, hivyo kinachobomolewa hakirudishwi.

Mwaka 2000 Evanthia Lalla na wenzake huko New York walikizuia kipokezi hicho katika panya wenye kisukari walioambukizwa bakteria hao. Upotevu wa mfupa wa taya ulipungua bila kutegemea kiwango cha sukari katika damu. Panya si binadamu, lakini jaribio hilo linaonyesha kwamba kuokoa mfupa na kushusha sukari ni mambo mawili.

Tofauti hiyo ilisahauliwa mwaka 2013, Steven Engebretson na wenzake walipochapisha matokeo ya jaribio la Marekani lenye washiriki 514. Baada ya miezi sita, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hakikuwa kimeshuka. Wengi wakahitimisha kwamba tiba ya fizi haimsaidii mwenye kisukari. Wakosoaji walijibu kwamba tiba yenyewe haikukamilika, maana ukoga na fizi zinazotoka damu vilibaki kwa wingi. Hoja yao ina uzito, lakini mimi naona jambo jingine: hata katika jaribio hilo lililohesabiwa kuwa limeshindwa, fizi za waliotibiwa zilipata nafuu kuliko za wasiotibiwa. Miaka mitano baadaye Francesco D'Aiuto na wenzake jijini London waliwatibu wagonjwa kwa ukamilifu zaidi, wakiwafuatilia mwaka mzima katika jaribio la watu 264. Tofauti ya HbA1c ilikuwa asilimia 0.6. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022, uliounganisha majaribio 35, ulipata asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne. Hayo ni manufaa ya kweli.

Sidai kwamba kukwangua ugaga kunaimarisha nyonga. Mifupa mingine ya mgonjwa ina shida zake. Katika kisukari cha aina ya pili kipimo cha msongamano wa madini mara nyingi huwa cha kawaida au hata cha juu, ilhali hatari ya kuvunjika imeongezeka, kwa sababu kolajeni iliyoshikwa na sukari hukakamaa na mfupa ukawa kama ufito mkavu: hauna tena uwezo wa kupinda. Baadhi ya dawa za sukari, kama rosiglitazoni na pioglitazoni, huongeza hatari hiyo, hasa kwa wanawake. Mgonjwa kama huyu huenda akahitaji bisfosfoneti, dawa za kuimarisha mifupa, na dawa hizo zina athari adimu ya kuoza kwa mfupa wa taya, hasa baada ya kung'olewa jino. Fizi zinapaswa kutibiwa kabla ya kuanza dawa hizo.

Hapa ndipo utaratibu wetu Afrika Mashariki unaponisikitisha. Katika hospitali nyingi kazi kuu ya kiti cha meno bado ni kung'oa. Kung'oa huondoa maumivu, lakini hakuokoi mfupa: ukingo wa taya uliobeba jino la nyuma hupoteza takriban nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja. Mgonjwa aliyepoteza magego huelekea uji, ugali laini na mkate mweupe, huku kunde, karanga na mboga ngumu alizoshauriwa na mtaalamu wa lishe zikimshinda kutafuna. Tiba ya msingi ni kukwangua ugaga juu na chini ya ufizi, kumfundisha mgonjwa kusafisha kati ya meno, na kumrudisha kila baada ya miezi mitatu hivi. Haihitaji mashine za gharama kubwa. Inahitaji muda, mikono iliyofunzwa na rufaa inayotoka mapema.

Kliniki za kisukari hukagua miguu na macho. Ziongeze kinywa: daktari au muuguzi aulize kama fizi zinatoka damu, kama kuna jino linalocheza, na kama mgonjwa amewahi kukwanguliwa ugaga. Anayejibu ndiyo kwa moja kati ya maswali mawili ya kwanza apewe rufaa siku hiyohiyo, hata kama sukari yake iko sawa.