Namna picha ya hali ya hewa inafikia rubani angani wakati intaneti iko polepole

Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya MONUSCO iliyotoka Goma na kupitia Kisangani ilianguka ku kiwanja cha Ndjili, Kinshasa, wakati wa mvua kali ya upepo. Kati ya watu 33 waliokuwa ndani, mmoja tu ndiye alipona. Kujua mvua iko wapi ni jambo la uzima.

Juu ya pori hakuna antene ya simu. Rubani anapata habari kupitia satelite. Iridium, kwa mfano, iko na satelite 66 zenye kuzunguka dunia kwa urefu wa kilometa karibu 780. Njia yake ya zamani inapitisha biti 2.400 tu kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 100 inachukua zaidi ya dakika tano. Ikipunguzwa kufika kilobaiti 10, inaingia kwa sekunde karibu 35.

Kazi hiyo ya kupunguza inafanywa chini, ku seva, ndiyo kompyuta yenye kutengeneza picha na kuituma.

Kwanza, seva inakata karte. Mwenye kutoka Bunia kwenda Kisangani hana lazima ya kuona Afrika yote.

Pili, inapunguza rangi. Kila kidoti cha picha ya rangi zote kinachukua biti 24. Kama rangi ni 16 tu, biti 4 zinatosha, ni kusema sehemu moja juu ya sita, hata mbele ya kufinya picha. Kwa karte yenye rangi chache na mipaka wazi, aina ya PNG inafaa kuliko JPEG, yenye kuharibu mistari na maandishi.

Tatu, inatayarisha picha mbele. Satelite za Meteosat zenye kuangalia Afrika zinatoa picha mpya kila dakika 10 ao 15. Basi seva inatengeneza mara moja, inatunza, na kugawia wote. Kama rubani anayo ile ya mwisho, seva inajibu tu kwamba hakuna mpya.

Ine, maandishi yanatangulia. METAR, habari fupi ya hali ya hewa ya kiwanja, ni mistari michache na inafika haraka sana.

Lakini kufika haraka haiseme picha ni mpya. Mwaka 2012, NTSB, shirika la Marekani lenye kuchunguza ajali, lilionya kwamba picha za radar zenye kuonekana ndani ya ndege zinaweza kuwa za zamani kwa dakika 15 hadi 20 kupita saa iliyoandikwa juu yake. Kwa muda huo wingu limekwisha kuhama.

Ndiyo sababu picha kama hiyo ni ya kuepuka mvua kutoka mbali. Haiko ya kutafuta kanjia katikati ya mawingu.