Ziwa Likigeuzwa Tangi

Wasee, kuna kitu nimekuwa nikiwaambia hapa kila mara: stima ya maji haina hasara. Haina moshi, haina deni kwa mtu. Leo naifuta hiyo kauli.

Kilichonibadilisha ni Walchensee, ziwa la asili kwenye milima ya Alps, huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Hakuna binadamu aliyelichimba. Liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ukivuka mlima unakuta ziwa lingine, Kochelsee, liko mita 200 chini. Injinia Oskar von Miller, yule aliyeanzisha jumba la makumbusho la Deutsches Museum kule Munich, akapiga hesabu: bwawa lipo tayari, kilichobaki ni kuteremsha maji.

Ujenzi ulianza 1918. Januari 1924 stima ikawaka. Maji hupita kwenye handaki, hushuka kwa mabomba sita makubwa, kisha huzungusha mitambo minane, minne kati yao ikiwa ya stima ya treni. Nguvu yote ni megawati 124. Na manze, miaka mia imepita na bado inafanya kazi! Hapo lazima niwape heshima yao.

Sasa skizeni upande wa pili. Maji ya ziwa lenyewe hayangetosha mitambo hiyo. Kwa hivyo wakaweka kizuizi kwenye mto Isar, pale Krün, wakaugeuza mto uelekee ziwani. Chini ya kizuizi, Isar ikakauka. Isipokuwa wakati wa mafuriko, ulikuwa unaona mawe meupe tu. Hali ilikaa hivyo zaidi ya miaka 60, hadi 1990 ndipo maji kiasi yakaanza kuachiliwa tena.

Yaani mtoto aliyezaliwa Krün 1924 angeweza kuzeeka bila kuuona mto wa kijijini kwao ukitiririka kama kawaida.

Mimi niliacha chuo, sijifanyi injinia. Sisemi mitambo izimwe, hata hii simu yangu inataka chaji. Lakini nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kushangilia mradi wowote: maji haya yametolewa kwa nani? Kwa sababu kuyarudisha kidogo tu kulichukua miaka 60, na hiyo ni Ujerumani.